Wavu wa Aprikoti

Wageni wangu walikuwa wamekaa siku tisa, na siku zote tisa hawakuona hata mkia. Bwana Gokhale alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka mji wa Pune, mrefu, mwembamba, baridi imempaka pua rangi ya nyanya. Mkewe, Bi Sulabha, alivaa sweta nne na blanketi juu yake, na bado alitetemeka hadi bangili zikawa zinalia. Kiangazi kilichopita walifika Leh, mji wetu mkubwa, wakapiga picha kwenye jumba la wafalme, wakaenda kupiga picha kwenye lile ziwa la buluu ambako kila mwenye simu hupiga picha. Kisha mtu akawaambia: hayo si kitu, rudini Februari, nendeni kijiji cha Kyarmo, kule mlimani kuna chui wa theluji. Wakarudi. Watu wana mambo yao.

Kila alfajiri binti yangu Deskit aliwapandisha mlimani na darubini yake ya miguu mitatu. Hiyo ndiyo kazi yake. Amesomea mjini na ana cheti. Jioni aliwateremsha, nami nikawauliza, "Leo je?"

"Leo tumeona kinyesi chake, dada!" alisema Bwana Gokhale. "Kibichi kabisa!"

Alisema kwa furaha ya mtu aliyepata mjukuu. Nikammiminia chai ya siagi na chumvi. Katika miaka yangu hamsini na minane nimemwona chui yule mara tatu tu, na mara zote tatu nilitamani nisingemwona.

Mimi ni Spalzes, mjane wa Tundup. Mbele yangu watu huniita Mama Deskit. Nyuma yangu huniita Kengele, kwa sababu ya mdomo, na wanadhani sijui.

Asubuhi ya siku ya kumi, wageni walikuwa wameshapanda mlimani na Deskit. Nilichukua ndoo ya maji ya uvuguvugu nikaenda zizini. Zizi langu limeshikana na ukuta wa nyumba: chumba cha mawe kilicho chini, mlango mmoja mfupi, na tundu moja kubwa juu ya paa la kuingizia hewa na mwanga. Ndani nilikuwa na mbuzi tisa na kondoo watano. Mtoto wa mbuzi mmoja, aliyezaliwa wiki ile, alilala nasi jikoni, maana baridi ya Februari inaua wadogo.

Nilipiga teke komeo, nikafungua. Kila siku nikifungua hupokewa na kelele za njaa, na Nagmo, yule mbuzi mweusi aliyenizalia mapacha mara tatu, huwa wa kwanza kunisukuma. Siku ile kimya. Nikasema, "Leo mmekuwa watawa?" Nikainama nikaingia.

Nilikanyaga kitu laini. Nikadhani ni samadi. Nikakanyaga tena, kikawa laini vilevile, na ndoo ikanigonga gotini, maji yakamwagika. Macho yalipozoea giza niliona sikio la Nagmo chini ya kiatu changu. Sikio tu nililitambua, lina pengo. Sehemu nyingine sikuitambua.

Sikupiga kelele. Nataka mjue hilo, kwa sababu mimi hupiga kelele hata chumvi ikizidi. Nilisimama pale nikageuza kichwa polepole, nikawaona wote, mmoja juu ya mwingine ukutani, shingo zimekaa vibaya. Damu ilikuwa imeganda chini na kuteleza. Na pale pembeni, juu ya lile jiwe ninalokalia nikikamua, kulikuwa na kondoo mkubwa wa kijivu amekaa, ananitazama.

Sina kondoo wa kijivu.

Alikuwa ameshiba. Tumbo lake lilikuwa limeshuka, mdomo na kifua vyeusi kwa damu, mkia wake mrefu umezunguka miguu. Hakunguruma. Alifumba macho akafumbua, mlegevu kama mgeni aliyekula sana harusini. Nilirudi kinyumenyume, nikatoka, nikafunga mlango, nikapiga teke komeo likaingia. Nikakaa kwenye theluji mbele ya mlango wangu mwenyewe, ndoo bado mkononi, nikijaribu kusema neno lolote lisitoke.

Ameingiaje? Hilo ndilo nililojiuliza. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikainua macho kuelekea paa la zizi, na hapo ndipo nilipokumbuka.

Wavu.

Miaka minne iliyopita shirika moja lilituletea nyavu za chuma, kila nyumba mmoja, tufunike matundu ya mazizi. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa akina mama, mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba kuhakikisha kila mtu ameufunga wavu wake, na mzee mmoja alipoufunga kwa kamba ya manyoya nilimtukana mpaka akatafuta waya. Lakini Agosti iliyopita miti ya aprikoti ilizaa mpaka matawi yakavunjika. Ukianika aprikoti juu ya paa la udongo zinashika mchanga, na wageni wa mjini hawapendi mchanga, wana meno ya watoto. Ukizianika juu ya wavu, hewa inapita chini na juu, zinatoka safi, zinang'aa. Nikafungua wavu wa zizi, nikauweka juu ya paa la nyumba. Baada ya aprikoti nikaanikia majani ya tanipu. Baada ya tanipu theluji ilikaribia, tukaanza kupanga majani makavu ya mifugo juu ya paa kama kila nyumba ifanyavyo, na majani yakapangwa juu ya wavu, marefu kupita kichwa changu. Kila siku nikasema, kesho nitautoa.

Kutoka Agosti hadi Februari nilikuwa na kesho nyingi sana.

Sasa lazima niwaambie habari ya shemeji yangu Morup, mdogo wa marehemu mume wangu, maana bila yeye hamtaelewa kwa nini kilichonitisha zaidi wakati ule si chui.

Hapa Kyarmo tuna nyumba kumi na mbili na desturi moja ya zamani. Nyumba ikiingiliwa na chui, kila nyumba nyingine humpa mwenye hasara mnyama mmoja, mbuzi au kondoo, ili aanze upya. Lakini tuna msemo: balaa ni la kijiji, uzembe ni wa mwenyewe. Ukiacha mlango wazi, hupewi hata kwato. Baraza hukaa siku hiyohiyo na kuamua.

Miaka minne iliyopita, kabla ya nyavu, chui aliua kondoo wote wa Morup, ishirini na mmoja, kwa usiku mmoja. Komeo lake lilikutwa halijaingia. Barazani Morup alisema, "Niliufunga." Hakuongeza neno. Nikasimama mimi, Kengele. Nikasema, "Komeo liko wazi, unasema ulifunga? Tena tumemkuta anafagia! Kondoo ishirini na mmoja wamekufa, mwenzetu anafagia theluji mlangoni kama bibi harusi anayengoja wakwe!" Watu wakacheka. Na watu wakishacheka, kesi imekwisha. Morup hakupewa kitu. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshika shoka akisema atamuua chui yule, nikawaapisha wote palepale kwamba hakuna mtu wa Kyarmo atakayemuua chui, kwa sababu chui ndiye anayetuletea wageni.

Nilisema kwa uadilifu mkubwa. Ukweli ni kwamba kondoo niliyepaswa kumtoa siku ile alikuwa na mimba, nami sikutaka kumtoa.

Morup alibomoa zizi lake. Mawe yake yakatumika kujengea choo cha wageni cha mkuu wa kijiji, na yeye akawa mbeba mizigo ya wageni. Miaka minne alinisalimu kila asubuhi, "Julley, shemeji," akapita. Sikuwahi kuona kosa langu. Nyani haoni kundule.

Basi nilikuwa nimekaa kwenye theluji mbele ya damu iliyotokeza chini ya mlango, na jambo lililonizunguka kichwani lilikuwa moja: nikithibitika mzembe, nimekwisha. Deskit anapata kazi majira ya baridi tu. Maziwa, siagi, manyoya, samadi ya shamba, vyote vilikuwa mle ndani. Nilihitaji wale wanyama kumi na mmoja wa jirani kama pumzi. Nami nilikuwa na wavu chini ya majani juu ya paa langu.

Ndipo sauti iliponirudia, na ilirudi yote.

Walikuja watu wote. Mkuu wa kijiji, ambaye sisi tunamwita goba, alikuja na kiatu kimoja. Walipanda juu ya paa la zizi wakachungulia tunduni, wakarudi nyuma, wakachungulia tena, macho yote kwa chui, hakuna aliyewaza wavu. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa ajili ya mbuzi wangu akiwataja majina. Goba akapiga simu kwa maofisa wa wanyamapori Leh. Wakamwambia barabara ina theluji, watafika mchana, mtu yeyote asimguse.

"Wapi Deskit?" mtu akauliza.

Deskit alikuwa juu ya mlima. Baadaye alinisimulia: Bwana Gokhale alikuwa akizungusha darubini kutafuta chui kwenye majabali, ikateleza, ikaelekea kijijini, akasema, "Binti, kwa nini watu wote wako juu ya paa la mama yako?" Siku tisa walimtafuta kule juu. Siku ya kumi alikuwa amelala hatua thelathini kutoka kitandani kwao. Wakateremka mbio, Bi Sulabha akiteleza kwa makalio sehemu yote ya mwisho.

Nilikuwa nimeingia jikoni. Nilitoka na jiwe langu la kupondea chumvi, zito kama kichwa cha mtu. Watu wakanipisha.

"Mama Deskit," goba akasema, "weka hilo jiwe. Tuliapa. Wewe ndiye uliyetuapisha."

"Niliapa nikiwa na mbuzi!"

"Kiapo ni kiapo, mama."

"Basi ingia wewe ukakae naye, mle kiapo pamoja!"

Nikashika ngazi. Niliazimia kupanda, kusimama juu ya tundu, na kuliachia jiwe lile kichwani mwake. Nitasema kweli: nilitaka asikie maumivu. Nilitaka pia wote waone jinsi nilivyopotewa, maana mtu aliyepotewa hivyo, nani atamuuliza habari ya wavu?

Nilipofika juu ya paa, sikumwona mtu kwenye tundu. Walikuwa wameteremka kuniogopa. Lakini kule upande wa nyumba, penye majani makavu, niliona mgongo wa mtu aliyeinama. Alikuwa Morup. Alikuwa amepiga magoti, amechimbua majani kwa mikono, na pembe ya wavu wangu ilikuwa imetokeza, inang'aa. Mkononi alikuwa na koleo.

Moto ukanipanda kichwani.

"Ndiyo!" nikapiga kelele. "Chimba! Chimba uwaonyeshe! Miaka minne umeingoja siku hii!"

"Shemeji, punguza sauti," akasema polepole.

"Sipunguzi! Njooni mtazame! Mbuzi wangu hawajapoa, yeye ameshakuja kutafuta kosa langu akalitangaze barazani! Ndiyo, wavu niliutoa! Nilianikia aprikoti! Umefurahi? Nenda kawaambie!"

Hakukuwa na haja ya kwenda kuwaambia. Kyarmo nzima ilikuwa chini ya ngazi, midomo wazi. Nilikuwa nimejitangaza mwenyewe, kwa sauti ya Kengele, hadi bonde la pili.

Morup alifumba macho. Kisha akaniinulia ule wavu nione. Alikuwa ameanza kukata nyaya zake kwa koleo, moja baada ya nyingine, na kuzipinda kuelekea ndani.

"Nilitaka kuuburuta hadi kwenye tundu," akasema kwa sauti ya chini. "Wakirudi kulikagua tundu lenyewe, waseme chui aliurarua. Zimebaki nyaya nne tu, shemeji. Ungenyamaza kidogo tu."

Sikuelewa. Nawaapieni, nilimtazama kama mtu anayenisemesha Kichina. "Kwa nini?" nikasema. "Mimi nilikufanya nini cha wema?"

"Mama, nyamaza!"

Deskit alikuwa amefika juu ya ngazi, kofia imeanguka, anahema. Katika maisha yake hajawahi kuniambia ninyamaze. Nikanyamaza kwa mshangao.

"Deskit, usiseme," Morup akamwambia. "Tulikubaliana."

"Nimechoka kukubaliana, Baba Mdogo." Alikuwa analia na pua inachuruzika. "Mama, siku ile ya kondoo wake. Jioni iliyotangulia ulinituma kwake kuchukua samadi. Unakumbuka?"

"Samadi ipi?"

"Kikapu kimoja. Ulisema yetu imelowa. Yeye alikuwa ameshafunga mlango. Nilifungua, nikachota, nikarudisha komeo, lakini sikupiga teke. Sikujua kwamba lake nalo lazima lipigwe teke." Akameza mate. "Asubuhi theluji mpya ilikuwa haijaanguka. Kulikuwa na nyayo mlangoni. Viatu vyangu vya mjini, vile vyenye nyota chini. Kijiji kizima hakuna mwingine aliyekuwa navyo. Baba Mdogo hakufagia theluji, Mama. Alifagia nyayo zangu."

Sijui niwaelezeje. Asubuhi ile nilikuwa nimekanyaga sikio la Nagmo, nilikuwa nimetazamana na chui kwa hatua tatu, na bado nilikuwa na sauti ya kugombana. Maneno yale yalinimaliza. Nilimwona tena Morup barazani, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, watu wanacheka, nami nimesimama nikiigiza jinsi anavyofagia. Niliigiza, jamani. Nilishika ufagio wa hewa nikazungusha kiuno.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza Morup. Sauti ilitoka ndogo, siyo yangu.

"Ningesema nini? Alikuwa na miaka ishirini, anakwenda kufanya mtihani Leh. Wangemwita Muua-kondoo mpaka azeeke. Wewe unawajua watu wetu, shemeji. Wewe ndiye unayewapa majina." Alisema bila hasira, akachomoa jani moja kwenye mkono wa joho lake. "Na ni mtoto wa kaka yangu."

"Ungeniambia mimi."

Akanitazama. "Wewe?" akasema. Halafu akasema, "Weka jiwe chini, utajiangusha mguuni."

Nikaliweka. Deskit akanishika kiunoni kwa sababu nilikuwa naelekea kwenye tundu bila kujua, na nilipotazama chini, chui alikuwa ameinua kichwa ananitazama. Nilimtazama nikatafuta ile hasira, nisiipate popote. Alikuwa mnyama aliyeona tundu wazi akaingia.

Maofisa walipiga simu tena: theluji ni nyingi, hawafiki leo, fungueni mlango, watu wote wakae juu ya mapaa. Morup ndiye aliyekubali kufungua. Alisimama juu ya ukuta, akalisukuma komeo kwa mti mrefu, mlango ukafunguka. Tukangoja muda wa kunywa chai. Kisha chui akatoka, tumbo linakaribia kugusa ardhi, anatembea kivivu. Alisimama uani. Alitazama soksi za Bi Sulabha zilizoning'inia kambani, akazinusa. Kisha akaruka ukuta wa mawe kwa uzito, akapanda mlima bila haraka, na kwenye theluji aliacha alama nyekundu mpaka mahali pa mbali.

Bwana Gokhale alipiga picha. Sitamsingizia kwamba aliacha. Alipiga picha themanini, na chui alipopotea akateremka, akaenda mpaka mlango wa zizi, akachungulia ndani, akatapika ukutani. Mkewe alikaa kando yangu juu ya ngazi, akavua sweta ya juu kabisa, akanivika kama mtoto, mkono mmoja mmoja.

"Dada," akaniambia, "zile aprikoti tulizonunua kwako. Ndizo?"

"Ndizo."

Akaziba mdomo kwa ncha ya sari yake.

Baraza lilikaa alasiri nyumbani kwa goba. Hapakuwa na la kujadili kuhusu mimi. Nilikuwa nimejihukumu juu ya paa. Hata hivyo nikaomba nisimame, na watu wakasogea vitini, wakijua Kengele akisimama kuna mtu atalia. Nikasema, "Wavu niliutoa mimi. Msinipe kitu." Kisha nikawaambia habari ya nyayo. Deskit akasimama kando yangu, akasema mwenyewe kuhusu komeo. Nikasema kwamba aliyemtuma ni mimi, aliyecheka ni mimi, na kondoo wangu siku ile alikuwa na mimba, ndiyo maana. Nilipofika hapo niliishiwa, nikakaa.

Hakuna aliyecheka. Wote mle ndani walikuwa wamecheka siku ile, na kila mmoja alikuwa na mnyama ambaye hakumtoa.

"Morup," goba akasema hatimaye, akikohoa. "Wewe mlango uliufunga. Hilo lilikuwa balaa, halikuwa uzembe. Kijiji kina deni lako la miaka minne. Kila nyumba itatoa mmoja. Kesho asubuhi."

"Yangu itatoa leo," nikasema.

Nilikwenda nyumbani nikamchukua yule mtoto wa mbuzi kutoka jikoni. Ndiye pekee aliyebaki. Alikuwa amelala kwenye kikapu karibu na jiko, ametia mdomoni uzi wa blanketi. Nilimbeba ndani ya joho, akinitafuta nyonyo kwenye shingo, na njia nzima nililia kwa sauti, sikujali nani ananiona. Nikamweka mikononi mwa Morup mbele ya wote.

Alimpokea, akampima mguu, akamtazama meno kana kwamba yuko sokoni. "Huyu anahitaji mama wa kumnyonyesha," akasema.

"Kesho utakuwa nao. Wape watu usiku mmoja wakuchagulie waliokonda."

Kuna aliyecheka puani. Morup hakucheka. Alikuwa akifikiri, akimkuna mbuzi kichwani.

"Kesho nitakuwa na wanyama kumi na mmoja," akasema, "na zizi langu watu wanalinyea kwa goba."

Goba akatazama kikombe chake.

"Na majani sina hata fungu moja," Morup akaendelea. Kisha akanigeukia. Miaka minne alikuwa akinisalimu akitazama bega langu. Safari hii alinitazama usoni. "Shemeji. Yale majani juu ya paa lako, nani atayala sasa?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Watu kumi na nane mle ndani wakaniona nimekosa neno, na watalisimulia hilo mpaka wajukuu.

"Basi twende tukaoshe lile zizi kabla damu haijaganda zaidi," akasema, akisimama. "Tuteremshe majani, tuutoe wavu, nyaya nilizokata nitazisokota. Deskit, lete maji ya moto. Na huyu mwalimu wa hesabu aje pia, ana mikono mirefu."

Tukatoka. Mlangoni alinisubiri nivae viatu, mtoto wa mbuzi amechomoza kichwa kwenye joho lake.

"Wanyama watalala kwako, maziwa tutagawana," akaniambia. "Samadi ni yangu yote. Na mlango, shemeji, kila jioni nitakuja kuufunga mwenyewe."